Barua ya wazi kwa wakuu wa Hollywood: wapeni watu wetu majina yao

Kwa Waheshimiwa,
Wakuu wa studio za filamu za Hollywood,
Wakuu wa huduma za kuangalia filamu mtandaoni,
na Uongozi wa Akademi inayotoa tuzo za Oscar,
Los Angeles, Marekani.

YAH: WAIGIZAJI WEUSI MLIOWATUMIA MIAKA NENDA RUDI BILA KUWATENDEA HAKI

Shikamooni wakubwa wangu.

Naandika kwa heshima na sina nia ya kumtukana mtu. Ila nimeshaandika kimya kimya mara tatu. Mara ya kwanza niliandikia huduma moja ya mtandaoni ninayoilipia kila mwezi, nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu. Mara ya pili hao hao wakaniuliza niwape nyota ngapi kwa huduma nzuri. Mara ya tatu nikaenda Posta kabisa, nikanunua stempu, nikatuma barua ya karatasi kwa studio moja kubwa, miezi nane sasa sijasikia kitu. Sasa naona bora niongee mbele za watu.

Mimi nimekulia Tandika, Dar es Salaam, na picha nimezijulia kwenye kibanda umiza, yaani chumba cha mabati, mabenchi, tivi moja na deki, giza, joto, na mtafsiri amekaa mbele na maiki anatueleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Kwetu picha ina stelingi na ina adui, na kila mtoto anajua stelingi hafi. Sasa stelingi karibu kila siku alikuwa Mzungu, na yule aliyefanana na sisi alikuwa rafiki wa stelingi, au dereva, au mpishi, au askari wa pembeni, au jambazi namba tatu, na wote mle ndani tulijua hafiki mbali. Mtafsiri wetu hakukubali hilo lipite hivi hivi. Akitokea mtu mweusi tu anasimamisha mkanda anamtambulisha, jamani huyu mnayemuona anaitwa bwana Shomari, ana mke na watoto wanne, juzi tu kamaliza kuezeka nyumba, muombeeni. Banda zima tunaitikia amina. Akifa, na alikuwa anakufa kweli, kofia inazungushwa ya rambirambi, mwenye kumi anatoa kumi mwenye ishirini anatoa ishirini, zinanunuliwa kashata tunagawana kama tuko msibani. Tulicheka mpaka machozi. Leo ni mtu mzima na nikikumbuka naona yule mzee alikuwa anafanya kazi yenu, alikuwa anampa mtu jina, anampa kwao, anampa wa kumlilia.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Majina. Hili ndo kubwa na nitakaa hapa.

Hakuna mtoto wa Afrika Mashariki asiyeijua katuni ya Tom na Jerry. Na wote tunamkumbuka yule mama anayemfokea Tom, ambaye tunaona miguu yake tu na soksi na ndala na fagio, uso hatuoni. Mimi nimefika zaidi ya miaka thelathini ndo nikajua sauti ile ni ya Lillian Randolph, mwigizaji na mwimbaji mweusi, aliyeanza kumwigiza yule mama mwaka 1940 mpaka 1952. Jina lake hamkuliandika. Alafu baadae, watu walipolalamika kwamba yule mama ni kejeli kwa wanawake weusi, dawa iliyopatikana ni kumfuta yeye, kwenye nakala zingine ikawekwa sauti ya mtu mwingine na zingine miguu ikachorwa upya ikawa ya Mzungu. Yaani Lillian alianza bila uso, akawa hana jina, mwisho wakamnyang'anya na sauti.

Kuna Theresa Harris. Huyu dada alikuwa mzuri, anaimba, anacheza, ukimuona kwenye Baby Face ya mwaka 1933 pembeni ya Barbara Stanwyck unashindwa kuelewa kwa nini hakuwa nyota. Miaka na miaka aliigiza hausigeli, na kwenye picha nyingi sana jina lake halimo kabisa kwenye orodha. Kuna Willie Best, mchekeshaji ambaye wenzake wa fani walimuheshimu kwa kipaji, lakini kwenye picha zake za mwanzo aliandikwa "Sleep 'n' Eat", yaani Lala-Ule. Mtu ana jina alilopewa na wazazi wake nyinyi mnamuandika Lala-Ule kwenye skrini mbele ya dunia nzima. Niambieni, mzazi wake aliyekaa kwenye kiti cha sinema kuangalia kazi ya mwanae alijisikiaje?

Na msidhani haya ni ya Marekani tu. Mwaka 1931 mlitoa Trader Horn, mkaja kuipiga huku kwetu Afrika Mashariki, na aliyeigiza mbeba bunduki wa Mzungu ni Mwafrika wa huku anaitwa Mutia Omoolu, mkampeleka mpaka California kumalizia. Mwaka uliofuata kwenye Tarzan kukatokea jabali refu la milimani linaitwa Mutia. Jina la mwanaume mzima likawa jina la mwamba wa kuchorwa, na wanaolijua jabali lile ni wengi kuliko wanaomjua yeye. Mwaka 1950 mkarudi tena na King Solomon's Mines, mkapiga Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo, mkachukua na watu kutoka Rwanda, na waigizaji wetu wakaandikwa Kimursi, Siriaque, jina moja moja na kabila, kama mtu anaandika lebo kwenye gunia. Wazungu waliosimama nao kwenye kamera ile ile wameandikwa majina mawili mawili.

Na huduma za mtandaoni za leo ndo zimemalizia kabisa. Picha ikiisha tu, majina yakianza kupanda, sekunde chache yanafinywa pembeni kama stempu na nyingine inaanza. Hata yule aliyeandikwa hatuwezi tena kumsoma.

2. Wanavyokufa.

Scatman Crothers kwenye The Shining ya mwaka 1980. Mzee wa miaka sabini hivi. Anatoka Miami kwa ndege, anavuka theluji ya Colorado usiku, njia nzima tunamsindikiza roho juu maana ndiye peke yake aliyesikia mtoto anaita kimoyomoyo, anafika, anaingia hotelini, anaita kuna mtu humu, shoka la kifua. Kwenye riwaya yenyewe anapona! Mwandishi alimuacha hai, nyinyi mkaona hapana. Siku tuliyoiangalia bandani mtafsiri aliweka maiki chini, akasema tu huyu leo tunamzika kwa heshima zote, na kofia ilizunguka mara mbili.

Duane Jones yeye aliigiza stelingi kabisa, Night of the Living Dead ya mwaka 1968, na hata uandishi haukusema awe mweusi, alichaguliwa kwa sababu alikuwa bora kuliko wengine. Anapambana na wafu usiku kucha, anabaki hai peke yake, asubuhi wanakuja waokoaji na bunduki wanampiga risasi ya kichwa. Najua ile picha wametengeneza watu wenye studio ndogo nje ya Hollywood na najua wengi wameisifia kwa ule mwisho, na mimi naisifia, inauma kwa sababu ni kweli. Lakini nyinyi mlichojifunza pale ni kuua tu, yale maumivu mkayaacha.

Samuel L. Jackson kwenye Deep Blue Sea, 1999, yuko katikati ya hotuba ya kuwapa watu moyo, papa anatoka majini anaondoka naye. Nitawapa haki yenu hapa, kwenye picha hiyo hiyo LL Cool J aliyeigiza mpishi alipona mpaka mwisho, na naapa banda zima lilisimama juu ya mabenchi kushangilia, watu wanakumbatiana kama Taifa Stars imefunga, na hela za rambirambi zilizokwisha kukusanywa zilirudishwa kwa wenyewe. Hebu fikirieni furaha ya namna ile inavyowezekana kwa kumuacha tu mtu mmoja aishi.

3. Hausigeli.

Hattie McDaniel. Tarehe 29 Februari 1940 alipokea Oscar, mtu mweusi wa kwanza kabisa, kwa kuigiza Mammy kwenye Gone with the Wind. Hoteli iliyofanyiwa sherehe haikuwa inaruhusu watu weusi kuingia, ikabidi aombewe, na alikaa kwenye meza ndogo ukutani mbali na wenzake alioigiza nao. Miezi miwili nyuma uzinduzi wa picha yenyewe ulifanyika Atlanta na yeye hakuruhusiwa kuhudhuria. Alipofariki mwaka 1952 alikuwa ameusia azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, akakataliwa hata hapo. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard ikapotea.

Watu wamemcheka sana huyu mama, wengine hata weusi wenzake walimlaumu wakati ule kwa kukubali kuvaa kilemba na aproni kila siku. Mimi naomba yeyote anayemcheka arudi aangalie ile sehemu anapanda ngazi na Melanie huku anaeleza msiba wa mtoto. Anaongea na kulia na kupanda ngazi na kuhema kwa wakati mmoja, na nyumba yote ile kubwa na hela zote mlizotumia hazioni ndani. Mama zetu hufanya vile vile wakileta habari ya msiba, wanaanza kusema kabla hawajafika.

Butterfly McQueen aliyeigiza Prissy, kijakazi mwingine kwenye picha hiyo hiyo, alichoka na majukumu ya ukijakazi akaachana nayo, akafanya kazi hizi na zile za kawaida, na mwaka 1975 akachukua digrii ya siasa New York akiwa na miaka 64. Dunia inamkumbuka kwa sentensi moja ya kuogopa kuzalisha. Na Louise Beavers alikulia California, ikabidi ajifunze lafudhi ya Kusini ili aonekane hausigeli wa kweli, na kupika kwenyewe alikuwa hapendi! Mwaka 1934 kwenye Imitation of Life aliibeba picha mgongoni, picha ikapendekezwa kwa tuzo kubwa, yeye hakuguswa.

4. Mzee mwenye miujiza. Michael Clarke Duncan kwenye The Green Mile, Will Smith kwenye The Legend of Bagger Vance. Wana nguvu za kuponya na kushauri kila mtu isipokuwa wao wenyewe, hawana mke, hawana kwao, shida yao ni moja tu, Mzungu awe na amani. Duncan alifariki mwaka 2012 na kila nikimuona pale namwona mtu aliyepewa sentensi chache akazitengenezea bahari.

5. Bango. Ernie Hudson alikuwa mmoja wa wanne kwenye Ghostbusters ya mwaka 1984. Kwenye bango wako watatu. Ameeleza mwenyewe hadharani kwamba sehemu yake ilikuwa kubwa na ikakatwa karibu na kuanza kupiga picha. Sina la kuongeza, hesabuni vichwa.

6. Mnachokipa tuzo. Whoopi Goldberg alipata kwa kuongea na mizimu, miaka 51 baada ya Hattie. Mo'Nique, mama mtesaji. Octavia Spencer, hausigeli. Denzel Washington mlimpita alipoigiza Malcolm X, mkaja kumpa ya mwigizaji mkuu kwa kuwa polisi mwovu. Forest Whitaker alikuja mpaka Uganda, akajifunza Kiswahili, akafanya kazi ya kutisha kwa ubora, na tuzo ikawa ya kuigiza Idi Amin. Lupita Nyong'o wetu mlimpa mwaka 2014 kwa kuigiza mtumwa, Kenya nzima na sisi huku tukakesha, na yeye mwenyewe amekuja kusema wazi kwamba baada ya tuzo ile maombi aliyoletewa yalikuwa ya kuwa mtumwa tena. Kila mmoja wao alistahili, sitaki mtu anielewe vibaya. Ninachouliza ni kwa nini jicho lenu linamuona mtu mweusi vizuri zaidi akiwa amefungwa mnyororo au ameshika fagio.

7. Afrika yenu. Hapa sitarefusha maana hasira zitanizidi. Bwana, bwana, bwana, ngoma, mate yanamtoka mganga, mbeba mizigo anaanguka kwenye korongo na msafara unaendelea. Wenzenu Waingereza mwaka 1935 walitoa Sanders of the River wakamtumia Paul Robeson, mtu msomi, mwanasheria, sauti ya ajabu, na kati ya watu waliovaa ngozi kama machifu nyuma yake alikuwemo Jomo Kenyatta, mwanafunzi London wakati ule. Rais wa kwanza wa Kenya! Robeson alipoona walivyoihariri kusifia ukoloni aliikana, na mwaka 1942 akaachana na filamu moja kwa moja kwa sababu ya majukumu ya kudhalilisha. Mlimpoteza Robeson, wakubwa. Hebu lifikirieni hilo.

Sasa najua mtanijibu nini.

Mtasema ndo zama zilivyokuwa. Sawa, lakini kufinya majina kwenye skrini ni zama gani, si jana na leo?

Mtasema walikubali na walilipwa. Walikubali kwa sababu mlango mwingine haukuwepo, ama aproni ama nyumbani, na mtu mwenye kipaji anapopewa chumba kimoja tu ndani ya nyumba atakipamba hicho hicho. Malipo hayafuti deni la heshima.

Mtasema tumeshatoa Black Panther. Mmetoa, tuliipanga foleni, watu walivaa vitenge kwenda sinema. Alafu ikapendekezwa kuwa filamu bora na hakuna mwigizaji wake hata mmoja aliyependekezwa.

Mtasema zile picha za zamani ni aibu tumezifungia. Hili ndo linaniuma kuliko yote. James Baskett mlimpa Oscar ya heshima mwaka 1948 kwa kuigiza Uncle Remus kwenye Song of the South ya Disney, uzinduzi Atlanta na yeye pia hakuweza kuhudhuria, akafariki miezi michache baada ya tuzo, na leo picha yake haipo kwenye huduma ya wenyewe waliyoitengeneza. Ubaya wa picha ile sio wa Baskett. Mnaficha aibu yenu na yeye anafukiwa humo humo. Mwaka 2020 Gone with the Wind iliondolewa kwenye huduma ya HBO Max ikarudishwa ikiwa na utangulizi wa profesa Jacqueline Stewart anaeleza, na hiyo ndo njia, kumbe inawezekana.

Na mtasema makumbusho yenu yalishafanya maonyesho makubwa ya sinema ya watu weusi mwaka 2022. Nashukuru kwa dhati. Ila Tandika ni mbali na Los Angeles na picha zenu ziko kwenye simu zetu.

Ninachoomba:

Moja, majina yaachwe yapande mpaka mwisho kwa ukubwa wake, na mtu mwenyewe ndo achague kuruka.

Mbili, wale ambao hawakuandikwa waandikwe. Kumbukumbu za malipo mnazo kwenye stoo zenu. Kwenye ukurasa wa kila picha muweke Theresa Harris, Lillian Randolph, Mutia Omoolu, na picha ya uso.

Tatu, badala ya onyo la sentensi mbili kwamba picha ina mambo yaliyopitwa na wakati, wekeni dakika tatu za kumuelezea mwigizaji mwenyewe, alizaliwa wapi, alikuwa anaweza nini, alinyimwa nini. Na ziwe na tafsiri ya Kiswahili, tuko wengi.

Nne, Akademi. Mwaka 2023 mlitengeneza tuzo ya Hattie upya mkaipeleka Howard. Mlifanya vizuri sana na nililia nilipoona. Basi fanyeni hivyo kwa wengine, kila mwaka usiku wa Oscar mchague mmoja aliyesahaulika, muonyeshe kazi yake dakika tano, na watu wacheke alipochekesha, maana Willie Best na Mantan Moreland walikuwa wachekeshaji hodari na kicheko ni haki yao, ila jina la kweli litajwe kwanza.

Tano, mnapoandika mpya, mpeni huyo rafiki wa stelingi nyumba, mama, na kesho.

Sisi huku tumeshaanza. Jumamosi jioni majirani wanakuja kwangu kibarazani, tunafunga shuka ukutani, tunaangalia picha ya zamani, na ikiisha mwanangu mwenye miaka tisa anakamata rimoti anasimamisha majina, anayasoma kwa sauti moja baada ya jingine na sisi tunaitikia yupo. Wiki iliyopita alisimama katikati akaniuliza baba, mbona yule mama mweusi aliyefungua mlango hayupo hapa. Nikamwambia nitawauliza wenyewe.

Nawauliza.

Natanguliza shukrani zangu.

Wenu katika kuipenda filamu,
Mtoto wa kibanda umiza,
Tandika, Dar es Salaam.